Ghala la Delfor

Wahenga waliosema akiba haiozi hawakuwahi kuweka peso. Kule Bahía Blanca, Ajentina, peso iliyolala chini ya godoro Jumatatu huamka Ijumaa imekonda, na hilo kila mtoto hulijua kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Kwa hiyo siku ya mshahara watu hukimbia madukani. Irma, mkewe Delfor Zubieta, alikuwa akikimbilia mafuta ya kupikia, sukari na tambi, akivisukumia chini ya kitanda mpaka kitanda kikainuka upande mmoja. Delfor mwenyewe, fundi cherehani, alikimbilia michezo ya kompyuta.

Usimcheke. Miaka ile duka la michezo la mtandaoni liliuza kwa peso, na bei zake zilikuwa zimelala usingizi wa pono. Mkate ulipanda, nyama ikapanda, mchezo ukabaki palepale, hadi mtu akawa anaupata kwa bei ya empanada sita, sambusa za kwao. Wageni wa nchi za mbali walijifanya Waajentina ili nao wanunue. Delfor alinunua kila mchezo mara mbili, mmoja wake na mmoja wa Maitena, binti yake wa pekee. Kila siku ya kuzaliwa ya Maitena ilimkuta na zawadi, iwe njaa, iwe shibe.

"Mzee mzima unacheza!" Pocha, mwenye kibanda cha pembeni, alikuwa akimtania. "Si ukanunue mafuta, wewe?"

"Mafuta yapo uvunguni. Nikigeuka usiku nasikia chupa zinanisengenya."

Irma alifariki mwaka 2018. Miaka mitatu baadaye Maitena akaenda Vigo, Uhispania, kuuguza wazee wa watu. Ikabaki Jumapili. Saa tano asubuhi Delfor alikaa mbele ya kompyuta na kibuyu cha chai yake chungu, kule Vigo ikiwa saa tisa mchana, na baba na mwana wakaendesha malori yao katika barabara zisizokuwepo, wakiongea upuuzi.

"Baba, umegonga nguzo tena!"

"Nguzo ndiyo iliyonifuata."

Hizo ndizo zilikuwa raha zake, na nani angemwonea gere?

Mwisho wa mwaka 2023 duka likatangaza kwamba peso basi, sasa ni dola. Bei zote zilizolala zikaamka kwa mpigo, ingawa hazikuzifikia za Ulaya. Maitena naye ikabidi abadilishe akaunti yake iwe ya Uhispania, alipe kwa euro. Delfor alinung'unika wiki nzima, kisha akajibana na kuweka dola chache, maana Machi binti alikuwa anatimiza miaka thelathini. Siku tatu kabla ya siku yenyewe akachagua mchezo mpya wa malori, akaandika jina la Maitena, akabonyeza.

Duka likajibu: Zawadi hii haiwezi kutumwa. Tofauti ya bei kati ya nchi zenu ni kubwa mno.

Akabonyeza tena, taratibu, kama mtu anayejaribu ufunguo kwenye kufuli lenye kutu. Jibu likawa lilelile.

Iliuma. Kumzika mke aliweza, kumsindikiza mwana uwanja wa ndege aliweza. Lakini kuambiwa na mashine kwamba zawadi ya baba ni ya bei ya chini mno, haifai kuvuka bahari, hilo lilimshinda. Akampigia Maitena.

"Baba, acha tu. Nitanunua mwenyewe, na wa kwako nitakununulia."

"Uninunulie mimi? Siku yako ya kuzaliwa? Nimekuwa mtoto?"

"Mbishi kama nyumbu!"

"Nyumbu huyohuyo ndiye aliyekusomesha."

Siku ya kuzaliwa iliangukia Jumapili. Delfor aliamka mapema, mikono mitupu, akaanza kupekuapekua akaunti yake bila matumaini. Ndipo akalikumbuka ghala. Zamani duka liliruhusu mtu kununua zawadi na kuihifadhi, aitume atakapopenda. Ruhusa hiyo ilikwisha kitambo, naye hakulifungua ghala tangu Irma afariki. Akalifungua. Ndani ulikuwa umebaki mchezo mmoja, wa watu wawili wanaooka mikate, ulionunuliwa Julai 2016 kwa peso za kununulia kilo moja ya mkate wa kweli.

Akakumbuka nusunusu. Ulikuwa zawadi ya mtihani wa chuo. Maitena alirudi analia, amefeli, na hakuna aliyethubutu kutaja michezo siku ile. "Iweke," Irma alimwambia. "Atafaulu mwingine." Akaiweka, wakasahau.

Alibonyeza huku amefumba jicho moja. Zawadi ya zamani, sheria za zamani: imetumwa.

Saa tano ilipofika Maitena alikuwa hewani.

"Baba, hii umeiandika lini?"

"Nimeandika nini?"

"Kuna ujumbe." Sauti yake ilikuwa imepungua. Akasoma: "Maitena, mtihani ukiisha njoo nyumbani moja kwa moja. Mama anakaanga milanesa, kimbia zisipoe. Na anasema uvae sweta."

Delfor akaweka kibuyu mezani. Siku ile Irma alisimama nyuma ya kiti hikihiki, mikono imejaa chenga za mkate za kupakia nyama ya milanesa, akimwamuru aongeze hiyo ya sweta. Alikuwa amesahau kabisa. Akalia, wala hakuona haya.

"Baba? Upo?"

"Nipo, mwanangu."

"Huku kuna baridi kweli," Maitena alisema, naye akilia. "Nisubiri, nikavae sweta."