Mguu Ulionenepa

Binti yangu alirudi nyumbani Bwera na upara unaong'aa. Alikuwa anatibiwa saratani ya damu kwa dawa kali. Siku chache baadaye mguu wake wa kushoto ukaanza kujaa.

Jirani yetu, mama Mkongo anayeuza vitenge sokoni Mpondwe, aliupapasa akapiga vigelegele. "Mungu iko mwema! Mutoto iko nanenepa!"

Naam, alikuwa ananenepa. Mguu mmoja tu. Ule wa kulia, nadhani, ulikuwa haujapata habari.

Huku kwetu unene ndio cheti cha afya, kwa hiyo wageni walimiminika kutupongeza. Mmoja alileta sombe, kisamvu cha kupondwa, ili mguu wa pili nao usichelewe. Mwingine, bingwa wa kila kitu, aliomba mafuta aukande. Alipougusa tu, mtoto alipiga kelele. Nikawatoa wote nje kwa adabu niliyobaki nayo, ambayo haikuwa nyingi, nikakodi gari.

Daktari alisema damu imeganda ndani ya mshipa. Dawa ileile inayomtibu inaweza kuleta hilo. Tungeukanda, donge lingeweza kung'oka likaenda kwenye mapafu. Mtoto akaanzishiwa sindano za kuzuia damu isizidi kuganda.

Tuliporudi baada ya majuma kadhaa, miguu yote miwili ilikuwa myembamba kama mabua ya mahindi. Jirani akaitazama, akashika kichwa.

"Masikini, mutoto amekonda tena!"

Nikamkumbatia. Tangu ugonjwa uanze, sikuwa nimeambiwa neno tamu kama lile.