Jina Lililonyooshwa Kasulu

Kibondo, kiangazi cha 2014. Wenzangu wasiwadanganye kwamba tulifuata umaarufu. Tuliondoka kwa ajili ya Bibi Sabina, aliyemlea Eliza, mwimbaji wetu. Bendi yetu ni ya roki, ya watu watatu: Eliza, Jumanne wa gitaa, na mimi dada yenu wa ngoma. Bibi masikio yalikuwa yamekwisha. Kumwambia chakula tayari ilibidi umfokee kama mnagombana. Eliza alikuwa amemtungia wimbo wa Kiha, na ndani yake anamwita kwa jina la utotoni, alivyoitwa na mama yake kutoka shambani. Waliokuwa wakimwita hivyo wote wamekwisha kufa.

"Twende Kasulu kwenye studio, turekodi albamu," Jumanne akasema, "halafu tumvalishe hedifoni, tufungulie sauti mpaka mwisho. Atasikia tu."

Njiani tulipanda lori la maharage. Vumbi jekundu, jamani! Tulifika Kasulu tunafanana wote, na Eliza sauti imeanza kukwaruza.

Heru Juu, nje kidogo ya mji, tulilala kwa shangazi yake Jumanne. Alitupokea kwa "Mwakeye!", salamu ya Kiha, na ugali wa muhogo, kisha akauliza, "Hiyo roki ni kwaya ya kanisa gani?"

"Haina kanisa, shangazi."

"Mh! Kuleni basi."

Studio ilikuwa chumba nyuma ya duka mjini Kasulu, magodoro yamegongomewa ukutani. Prodyuza, kijana wa Dar, alikuwa mpole na kazi anaijua. Nyimbo zilikwenda vizuri, ule wa Bibi tukauweka mwisho. Siku ya kuondoka akatuita tuusikilize, na shangazi naye akaingia na hotipoti ya chakula. Jina lilipotajwa, shangazi aliziba mdomo, hotipoti nusura imponyoke.

"Yesu wangu! Nani huyo anatukanwa?"

Kumbe kompyuta ilikuwa imeinyoosha sauti. Kwa Kiha, ukilitamka jina lile sauti hupanda, halafu hushuka. Ukilinyoosha, linakuwa neno ambalo siliandiki hapa, watoto wanasoma.

"Dada, uliteleza, nikakurekebisha," prodyuza akasema.

"Sikuteleza!" Eliza alikuwa analia. "Ndivyo anavyoitwa!"

Ile sauti ya kwanza prodyuza alikuwa ameshaifuta, na lori lilikuwa linatusubiri. Nilikasirika nikatamani kumpiga na fimbo za ngoma. Lakini shangazi alimgeukia, akalitamka lile jina taratibu, na kijana wa watu akalirudia mpaka akalipata. Akaona haya kwelikweli. "Imba tena, dada. Safari hii sigusi kitu."

Eliza akaimba mara moja, kwa sauti iliyokauka kwa vumbi. Hiyo ndiyo iliyoingia kwenye albamu.

Kibondo tulirudi tumechoka, tukaenda moja kwa moja kwa Bibi. Alikuwa uani anapembua maharage. Eliza akamvalisha hedifoni juu ya kitambaa cha kichwa, Jumanne akafungulia. Gitaa likaanza. Mikono ya Bibi inaendelea na maharage. Nikajiambia tumechelewa, hasikii tena.

Mikono ikasimama.

Tangu siku hiyo, watu wakiniuliza albamu yetu ilipigwa redio gani, huwa nacheka tu. Bibi Sabina aliinua uso kuelekea shambani, akaitika kwa Kiha, kwa sauti ya mtoto:

"Nakuja, mama! Nafunga mbuzi kwanza!"