Swali la Bibi Nililolijibu Mimi

Mdogo wangu, kuna siku moja kila nikiikumbuka masikio yanawaka moto. Nakuandikia kwa sababu Jumapili narudi bweni Bukoba, na kuanzia hapo wewe ndiye utakayewasindikiza Bibi na Baba Mdogo kliniki Muleba. Kukuambia kwa mdomo nisingeweza, unanijua. Niruhusu leo nijifanye mzee, ingawa nakuzidi miaka mitatu tu.

Siku hiyo Baba Mdogo alikuwa katika mwezi wa pili wa kutumia dawa za sonona. Nesi alipomaliza naye akamgeukia Bibi. "Na wewe mama unayemuuguza, tunakuuliza pia. Ndiyo utaratibu wetu." Bibi huongea Kihaya, basi mimi nikawa mkalimani. Usingizi, chakula, uchovu, vyote nikavitafsiri vizuri, hata nikaanza kujiona. Ndipo nesi akasema, "Muulize, kuna wakati anatamani kufa, au anawaza kujiua?"

Nilikwama. Nimtamkie neno hilo Bibi, aliyenilea? Nikamuuliza kama migomba imempa kazi nyingi wiki hii. Nikamwambia nesi, "Anasema hapana."

"Mbona hajafungua mdomo?"

Bibi akacheka kile kicheko chake cha kutikisa mabega. Kumbe Kiswahili anakijua. Hukificha ili wachuuzi wapange bei mbele yake bila wasiwasi. "Waitu nesi," akaanza kwa heshima ya Kihaya, kisha kwa Kiswahili, "huyu mtoto ana aibu. Ananiuliza habari za migomba." Kisha akaacha kucheka. "Kufa natamani. Siku nyingine nikimpikia mwanangu akakataa kula, naomba kesho nisiamke. Hakuna aliyewahi kuniuliza."

Nesi hakushtuka. Akavuta kiti karibu, akamuuliza kama amepanga kujidhuru. Bibi akasema hajapanga. Wakazungumza hadi chai ya nesi ikapoa. Tulitoka Bibi akiwa na tarehe yake mwenyewe ya kliniki, na palepale shangazi wa Buhembe akapigiwa simu aje kumuuguza kaka yake wiki mbili kila mwezi. Shangazi akaanza, "Lakini mama, nina kazi." Bibi akamjibu, "Hata mimi nilikuwa nazo nilipokubeba mgongoni." Jioni tulifika nyumbani Kishanda tukitafuna senene, panzi wa kukaanga alioninunulia Bibi, akala wengi yeye.

Sasa nasaha zangu. Nesi akiuliza, fikisha swali lilivyo, na jibu mwachie Bibi. Usiogope kwamba litamtia wazo baya; mwenyewe alisema alijisikia mwepesi alipoulizwa. Wala usisubiri kliniki. Muulize mkiwa mnamenya ndizi, kwa sauti yako ya kawaida. Ukisikia jibu la kutisha, usimwache peke yake. Ita mtu mzima, mrudi kwa nesi siku hiyohiyo. Aibu utaiona, mimi bado ninayo, lakini Bibi yupo.

Mungu akupe mdomo mwepesi kuliko wangu, na Bibi akucheke miaka mingi.