Piga Hiyo Simiti

Usiku ule hatukulala, tukingoja habari za binti yetu Velma aliyekuwa hospitalini akijifungua. Simu niliiweka ndani ya sufuria ili ilie kwa nguvu. Mume wangu, Esekon, alizunguka nje akijikwaa kwenye simiti yake. Aliimwaga mwenyewe tulipooana, na sasa mizizi ya mwarobaini imeiinua mbele ya mlango kama nundu ya ngamia. Mimi nasema itolewe, yeye anasema itengenezwe, na miaka inapita.

Alfajiri sufuria ililia. Mvulana, na jioni wangeruhusiwa kurudi. Esekon akalala fofofo. Mimi nilikuwa nimeshaona vile Velma atakavyojikwaa na mtoto mikononi, kwa hivyo nikiwa njiani kupeleka uji nilimpigia simu fundi Galma.

"Galma, piga hiyo simiti ya mlangoni kabla mtoto afike."

"Leo?"

"Leo. Na usimwamshe mzee."

Jioni niliporudi na Velma na mtoto, tulikuta simiti mpya, nene, imepanda hadi kwenye mlango wa chuma, na mlango wetu hufunguka kuelekea nje. Jua la Isiolo lilikuwa limeshaanza kuikausha. Galma alikuwa anaosha mwiko. Esekon alikuwa dirishani, nyuma ya vyuma, anatabasamu.

"Galma, si nilisema upige?"

"Na nimepiga, Mama Velma. Mfuko mzima."

Mimi nilikuwa nataka nyundo. Kumbe kwa fundi, kupiga simiti ni kuimwaga.

"Msiiguse," Esekon alisema. "Imekuwa safi. Nileteeni mjukuu hapa."

Velma akamwinua mtoto hadi dirishani. Vyuma vilipitisha vidole vya babu tu. Mtoto akakishika kimoja, akalala nacho.

"Baba, utaishi humo?"

"Unga upo."

"Choo kiko nje," nikamkumbusha.

Esekon alitazama simiti. Akamtazama mtoto. Akatazama choo kwa muda mrefu zaidi.

"Galma," akasema polepole, "piga."

"Ile ya mwiko ama ile ya nyundo, mzee?"

"Ya nyundo. Toa yote, hata ile yangu ya zamani."

Galma alipiga mpaka mlango ukafunguka kiasi cha mtu mwembamba. Esekon si mwembamba. Alivuta tumbo ndani, akajipenyeza kwa ubavu, mikono ikitangulia kumpokea mtoto.