Unalalia Mito Mingapi?

Kila Alhamisi asubuhi nilikabidhiwa kadi za wagonjwa wa moyo na kiti kisicho na mgongo, nikaambiwa nipige simu. Simu yenyewe ilikuwa imepigiliwa ukutani kwenye korido ya wodi, kila anayepita na toroli analigonga goti langu. Daktari wetu alikuwa amechoka kuona watu wanatoka wodini wakitembea, halafu baada ya miezi miwili wanarudishwa wamebebwa. Akasema tusiwasubiri warudi, tuwaulize hali zao huko huko waliko. Wazo zuri, ila Dar es Salaam ya miaka ile ya Ujamaa ilikuwa na simu chache kuliko wagonjwa wa moyo. Kwa hiyo kwenye kadi tuliandika namba ya yeyote aliye karibu na mgonjwa: kiwanda, ofisi ya chama, duka la jirani.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne na sikuwa na subira. Sina mpaka leo, wanangu ni mashahidi. Maswali yalikuwa manne: Miguu imevimba? Pumzi je? Vidonge unameza? Unalalia mito mingapi? Hilo la mwisho ndilo daktari alilolipenda kuliko yote, maana mwenye moyo dhaifu akilala chali pumzi inambana, basi anaongeza mto, halafu mwingine, mpaka anajikuta analala huku amekaa. Nikimaliza kuuliza naandika kwenye kadi "hajambo" au "anaumwa". Nilipenda sana kuandika hajambo, kwa sababu ilinimalizia kazi.

Mgonjwa niliyempenda kuliko wote alikuwa mzee mmoja, mchukuzi wa mizigo sokoni Kariakoo. Alikuwa mtu wa Kusini, aliyeingia mjini kijana na kubeba magunia ya watu karibu miaka thelathini, mpaka siku alipoanguka na gunia la mchele mgongoni. Nilimpenda kwa kuwa hakunichelewesha. Namba yake ilikuwa ya duka moja la familia ya Kihindi pale Mchafukoge, hatua chache kutoka kwenye chumba alichopanga na mkewe. Mama mwenye duka alikuwa akiinua simu, anamwita, halafu inakuja sauti nene, inapiga kelele kana kwamba hospitali iko ng'ambo ya Magogoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba! Hujambo, nesi?"

"Sijambo. Miguu?"

"Mizuri!"

"Pumzi?"

"Salama!"

"Vidonge?"

"Nameza!"

"Mito mingapi?"

"Mmoja!"

Hapo nyuma yake nilikuwa nasikia watu wanacheka. Nikajua ni duka la watu wachangamfu, nikaandika hajambo, nikashika kadi inayofuata.

Niliandika hivyo wiki baada ya wiki, mpaka siku yake ya kliniki. Alikuja amemwegemea mkewe, viatu kavishika mkononi kwa sababu havikumwingia tena. Daktari alimbonyeza mguu, kidole kikaacha shimo. Kisha akanitafuta kwa macho, akaipunga ile kadi.

"Huyu ndiye hajambo wako?"

Niliona haya, na mimi haya zangu hugeuka hasira upesi. Nikamfuata mzee kwenye benchi nje. "Baba, mbona muda wote huu unanidanganya?" Mkewe alitaka kujibu, akamkatiza.

"Njoo uione hiyo simu yenyewe," akaniambia, tena kwa upole.

Daktari alimwandikia vidonge vingine vya kupunguza maji mwilini, na chini ya kadi akaongeza kwa mkono wake: amekufa moyo. Hakuwa na neno lingine, na kwenye kadi zetu hapakuwa na mahali pa kuandika huzuni. Karani wa masjala akasoma neno la kwanza tu, akaichukua kadi na kuiweka kwenye sanduku la marehemu. Tuliitafuta nusu siku. Wenzangu walicheka sana, nami nikacheka nao, lakini usingizi wangu haukuwa mzuri siku ile.

Jumamosi nilipotoka zamu nikaenda Mchafukoge. Sukari ilikuwa imefika, foleni imetoka mlangoni na kuzunguka kona. Simu ilikuwa juu ya kaunta, ubavuni mwa mizani, mahali ambapo kila mteja anaweza kuigusa. Nilimweleza mama mwenye duka mimi ni nani, akacheka.

"Kumbe ni wewe! Simu yako ikilia duka zima linanyamaza. Watu wanadhani ni habari ya msiba. Wakisikia ni ya mzee, hakuna anayeondoka tena. Sasa wewe unauliza mito, wao hawakusikii, wanasikia jibu tu. 'Mmoja!' Wanasema nesi anamuuliza ana wake wangapi."

Nilicheka, kisha nikaacha. Kwenye ile foleni walikuwepo wachukuzi wenzake, walikuwepo wenye maduka aliowabebea mizigo yao. Ningekuwa mimi ningesema nini mbele yao, kwamba usiku nakosa pumzi? Kwetu hata asiyeumwa akiulizwa hali mbele za watu anasema salama, na ya moyoni yanafuata baadaye, mkiwa wawili. Mimi sikuwahi kumpa hiyo baadaye. Nilikuwa na kadi nyingine mkononi.

Mama mwenye duka ndiye aliyepata njia. Mchana saa saba hufunga duka, anapanda ghorofani kula na wanawe. Akasema nipige saa hizo, yeye atamwingiza mzee kwa mlango wa uani, atamwachia kiti, atapanda zake juu.

Alhamisi iliyofuata mzee hakupiga kelele. Sikuijua ile sauti yake, ilikuwa ya chini na ya taratibu. Tulisalimiana, nikamuuliza mito.

"Mitatu," akasema. "Na gunia nimelikunja chini yake."

"Na vidonge?"

Kimya. Mimi nisiyejua kunyamaza nikanyamaza, nikasikia toroli ikipita nyuma yangu, nikaendelea kunyamaza.

"Sivimezi, nesi. Tangu mfungo ulipokwisha. Hata hivi vipya sijavigusa."

"Kwa nini, baba?"

"Nimeze nipate nini? Daktari amesema nisinyanyue hata ndoo. Mke wangu anaamka saa kumi alfajiri kukanda maandazi, akayauze, tule. Mimi nimelala. Nimekuwa mzigo, na mizigo naijua. Najua mtu anavyopumzika akishautua."

Niliogopa. Nilisomea kupima mapigo na kuchoma sindano, hayo hakuna aliyenifundisha. Ilinipasa nimpe maneno ya kumtuliza, na badala yake hasira zangu zikanitoka hapo hapo koridoni.

"Umemuuliza mwenyewe? Hujamuuliza! Umekaa hapo unamsemea mtoto wa watu! Kamuulize kama anataka kuutua huo mzigo, halafu Alhamisi unijibu!"

Simu ikakatwa. Sikuagwa.

Wiki ile sikuwa na raha hata kidogo. Nilimweleza daktari, akatikisa kichwa, akasema ningemwambia ameze vidonge, basi. Kila gari lililoleta mgonjwa wa dharura nilikimbilia mlangoni kuangalia ni nani anayeteremshwa. Nilijiambia nimemuua mtu kwa mdomo wangu, nikaapa nitaupunguza, kiapo ambacho sikukitimiza.

Alhamisi saa saba nikapiga. Iliita sana, mpaka nikaanza kusali. Kisha ikainuliwa.

"Nimemuuliza," akasema, hata shikamoo yangu hakuingoja.

"Akasemaje?"

"Kwanza kanitukana, mpaka wapangaji wakatoka vyumbani. Halafu kalia. Anasema haamki saa kumi kwa ajili ya maandazi. Unga wenyewe anaukanda muda mfupi tu. Anaamka aniwekee mkono mgongoni, aone kama napumua. Akishaona, ndio anatoka kwenda jikoni. Kila siku tangu nilipotoka hospitali." Akasita. "Nilikuwa nausikia huo mkono, nesi. Nilikuwa macho. Nikadhani ananisukuma nimpishe."

Nikarudi kwenye maswali yangu manne, maana ndiyo niliyokuwa nayo. Miguu ilikuwa inapungua. Vidonge alikuwa amemeza siku sita mfululizo.

"Na siku hizi," akasema kwa kunong'ona, ingawa dukani hapakuwa na mtu, "nikisikia mkono wake, nahema kwa nguvu, ili asikie."