Athumani Mbele ya Taa

Usiku ule nilisinzia redio ikiongea, Athumani akaja akaizima. Alikufa miaka mingi iliyopita, lakini alijua kitufe kilipo.

"Mnyamwezi we, hujafa tu? Huko tumechoka kukusubiri."

Alikuwa mtani wangu, Mzaramo, na mwenzangu katika maabara tulikochunguza jinsi mwanga mkali unavyounguza ngozi kwa kufumba na kufumbua. Nataka kumjibu, lakini chumba changu kimeshakuwa ile maabara. Taa kubwa iko mahali pake. Kipande cha ngozi ya nguruwe kimebanwa kwenye fremu. Nimekibana mimi, maana Athumani hakukigusa kamwe. Yeye ananyoosha juu yake kitambaa, kile tulichotaka kujua kama kitawakinga watu wa zimamoto.

Sheria yetu ilikuwa moja. Anayewasha taa huita, "Macho!" Mwenye kitambaa hujibu, "Nimetoka!" Bila jibu, taa haiwashwi. Lakini tulikuwa tumezoeana mno. Niliacha kuita; nikisikia nyayo zake zikielekea mlangoni, nawasha. Siku ile nyayo zilielekea mlangoni, nikawasha. Zilikuwa za mfagiaji.

Ninamwona sasa, ameinama mbele ya taa, mweupe pe. Hakuna kishindo. Mwanga hauna kishindo.

Halafu tuko barazani kwake. Macho yake yamefungwa bandeji, na binti yake Rehema, angali mdogo, anamlisha uji. Nimesimama na machungwa mkononi, sijui pa kuyaweka. Nimetoka kuwaambia wakubwa kwamba niliita. Wamesema basi Athumani alizembea, wamemwachisha kazi.

"Ulijua sikuita?" ninamuuliza.

"Nilipofuka, Mnyamwezi. Sikuwa kiziwi."

"Mbona hukusema?"

"Ameshaungua mmoja. Waungue wawili kwa faida ya nani?"

Nikalia. Katika uhai wake sikuwahi kulia mbele yake. Nilipeleka machungwa, nikaongea habari za mvua, nikaondoka. Hata kaburini kwake nilishika koleo kama jirani yeyote. Akanifuta machozi kwa kiganja chake chenye ngozi iliyojikunja kwa kuungua.

"Mimi nilikusamehe kidonda hakijakauka," akasema. "Lakini Rehema anawaambia wanawe, msije mkawa wazembe kama babu yenu. Hilo ndilo linaloniunguza. Nenda kwake."

Nikataka kumshika mkono. Nikashika shuka.

Kulikuwa kumekucha. Sikunywa chai. Nilivaa kanzu yangu ya misibani, nikatembea mpaka kwa Rehema, nikapiga hodi. Alitoka na unga mikononi, akafurahi kuniona, kama anavyofurahi siku zote, akainama kidogo.

"Shikamoo, baba."

"Usiniamkie kwanza, mwanangu," nikamwambia. "Nimetumwa na baba yako."