Sili Moja Kila Mguu

Siku moja naikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, na si siku ya harusi yangu, mke wangu anisamehe. Ni siku niliyosimama ndani ya duka la spea pale Bukoba mjini, mkono wa kulia nimeshika sili ya shoku ya mbele, ule mpira wa kuzuia oili, iliyokuwa kwenye kiboksi kizuri, mkono wa kushoto nimeshika nyingine iliyokuwa kwenye kimfuko cha nailoni, nikashindwa kabisa kujua niondoke na ipi. Nilisimama mpaka mwenye duka akanionea huruma, akanivutia kiti.

Nakusimulia haya kwa sababu asubuhi umekuja na swali hilohilo. Pikipiki yako inavuja oili mguu wa mbele, nawe unataka kujua ununue sili orijino au hizi za kawaida. Nikakuambia kaa kwanza, tafuna buni za kahawa kama desturi yetu. Sikuwa nakukwepa. Mimi na hilo swali tunajuana, na kujuana kwenyewe hakuna heshima.

Nilikuwa mwinjilisti, kijana wa miaka ishirini na saba. Usharika wetu huku Muleba ulinikabidhi pikipiki, nikawa nazunguka nayo vijijini, na mara moja kwa mwezi naipakia kwenye mtumbwi wa injini kwenda kusali na wavuvi kule kisiwani Bumbire. Niliipenda mno. Nilikuwa naifuta kuliko nilivyofuta viatu vyangu, na kama unavyotujua sisi Wahaya, nilikuwa nikipita mahali penye watu wengi napunguza mwendo ili wanione vizuri. Siku moja nikaona oili inachuruzika kwenye mguu wa mbele. Nikampelekea Fundi Kaiza, aliyekuwa na banda lake karibu na soko. Akatazama, akasema, “Sili zimekwisha. Kalete nyingine.”

Hapo ndipo taabu ilipoanza. Kalete zipi?

Kuuliza si ujinga, ndivyo tunavyofundishwa, nami msemo huo niliushika kama andiko. Nikamuuliza mwalimu mkuu wetu, akasema mtu mwenye akili hanunui kitu feki. Nikawauliza vijana wa bodaboda, wakacheka, wakasema orijino ni jina tu, mpira ni mpira. Mmoja wao akaapa kwamba alifunga za kawaida zikadumu miaka mitatu. Mwenzake akaapa kwamba za kawaida zilimfia ndani ya wiki. Wote wawili walikuwa watu wakweli. Nikawauliza hata wavuvi, ambao hawakuwa na pikipiki, nao wakawa na maoni. Kila niliyemuuliza alinipa jibu, na kila jibu lilinipunguzia kidogo nilichokuwa nakijua. Wapishi wengi huharibu mchuzi, lakini mwanangu, wapishi hao niliwaita mimi.

Basi nikafika pale dukani. Mwenye duka akaniambia zote nzuri. Halafu akainama, akaninong'oneza kwamba siku hizi hata viboksi vya orijino vingine ni viboksi tu, ndani Mungu ndiye anajua. Sijui alidhani ananisaidia. Nilikaa kwenye kile kiti, jasho linanitoka, mwanamume mzima ninayehubiri watu wasimame katika neno moja.

Ndipo nikapata wazo ambalo wakati ule lilinifurahisha sana. Nikanunua moja ya aina hii na moja ya aina ile. Mguu mmoja nifunge orijino, mguu mwingine nifunge ya kawaida, halafu muda useme. Nikajiona nina hekima ya Sulemani. Nilisahau kwamba Sulemani hakumkata yule mtoto.

Fundi Kaiza alizitazama zile sili, akanitazama mimi. “Mwinjilisti, hizi zinafungwa mbili za aina moja.”

“Wewe funga tu,” nikamwambia, kisha nikawahi mazoezi ya kwaya. Niliporudi pikipiki ilikuwa tayari, imefutwa, inameremeta. Nikashukuru, nikawasha, nikaondoka. Sikuuliza orijino imekaa mguu upi. Mtu niliyeuliza nusu ya wilaya, hilo moja sikuuliza.

Mwezi huo nikaenda kisiwani nikarudi. Haikupita wiki mbili, mguu wa kulia ukaanza kuvuja. Nikakimbilia kwa Kaiza: huo ni mguu wa orijino au wa kawaida? Akajikuna kichwa. “Mimi nilifunga tu, waitu, ndugu yangu. Sikuandika. Acha niifungue tuone.”

Nikakataa. Sikia vizuri nilivyokataa, kwa maana leo nikijisikiliza sijielewi. Nilimwambia asifungue mpaka nijue nitanunua ipi, ili asifungue mara mbili. Na nisingeweza kujua ninunue ipi mpaka ijulikane iliyovuja ni ipi. Na isingejulikana mpaka afungue. Nilizunguka humo kwa siku kumi, mwanangu, nikiona nafikiri. Watu wakagawanyika pande mbili pale sokoni, hawa wakisema iliyovuja ni ya kawaida, wale wakisema ni orijino, nami nikawa nawasikiliza kwa zamu kama hakimu.

Huku nyuma nilifunga kitambaa kwenye ule mguu kinyonye oili. Kila jioni kilikuwa kimelowa. Breki ya diski iko upande huohuo wa kulia, chini yake kabisa, oili ikiidondokea. Nilikuwa nikibana, inateleza kidogo ndipo inashika. Nikawa nafuta diski kwa gazeti na kuendelea na safari. Usipoziba ufa utajenga ukuta, hilo pia nilikuwa nalijua, na nilishalihubiri.

Sasa, katika usharika wetu alikuwepo Ma Kokushubira, mjane, mwenyekiti wa akina mama. Mwanamke wa sauti ndogo, lakini akisimama hata mchungaji anakaa. Binti yake wa pekee alikuwa ameolewa Izimbya, na siku hizo akajifungua mtoto wa kwanza. Ma Koku alikuwa amemsubiri mjukuu huyo miaka sita. Akaja kwangu alfajiri, amefunga kitenge kipya, kapu lina ndizi na blanketi dogo jeupe alilolifuma mwenyewe, akaniomba nimpeleke.

Kabla hajapanda akaonyesha kwa kidole. “Mwinjilisti, hicho kitambaa ni cha nini?”

“Cha kuzuia vumbi, Ma.”

Ndivyo nilivyomjibu. Wala sikusita.

Tulikwenda vizuri, akiniimbia pambio mgongoni. Kwenye mteremko mmoja mrefu wa barabara ya vumbi, ng'ombe wakatoka kwenye kibanja cha migomba cha mtu na kuvuka. Nikabana breki ya mbele. Haikushika. Nikakanyaga ya nyuma kwa hofu, tairi likateleza, tukalala chini sote wawili. Mimi nilichubuka goti. Ma Koku aliweka mkono wa kulia chini ili ajikinge, nikausikia mfupa.

Hakupiga kelele. Alisema tu, “Ee, waitu,” akakaa pale vumbini, ameulaza mkono wake mapajani.

Msamaria mwenye gari alitupeleka hospitali. Mkono wa kulia ukafungwa plasta mpaka juu ya kiwiko, na wa kushoto nao ulikuwa umeteguka bega, ukafungwa kifuani. Nikamwambia turudi nyumbani. Akasema hakutoka nyumbani kwenda hospitali, alitoka kwenda kwa mjukuu wake. Tukafika Izimbya mchana kwa gari la yule yule mtu. Binti yake akatoka ndani na mtoto, anacheka, amemnyoosha mbele ampe mama yake, halafu akaona zile plasta na bandeji. Ma Koku akatazama mikono yake, akamtazama mtoto. Akasema, “Mlaze hapo kitandani, nimwone.”

Alimwona. Aliinama juu yake, akambusu, akainuka. Hakumpakata. Wanasema majuto ni mjukuu, huja baadaye, lakini yangu yalikuja siku ileile, nami nilitoka nje nikalia nyuma ya jiko kama mtoto.

Alinifuata huko. Nikaanza kumweleza yote, orijino na ya kawaida, mguu wa kulia na wa kushoto, na jinsi nilivyochanganyikiwa. Akaniacha nimalize.

“Ulijua inavuja?” akauliza.

“Nilijua, Ma, lakini sikujua ni ipi.”

“Sijakuuliza ni ipi. Nimekuuliza, ulijua?”

Akaendelea kwa sauti ileile ndogo. “Ukanipakia. Nikakuuliza kitambaa, ukaniambia vumbi. Mwanangu, wewe hukuchanganyikiwa. Ulikuwa na swali unalolipenda, ukajificha ndani yake.”

Nimesikia mahubiri mengi, mengine ya maaskofu. Sijasikia lingine lililoniingia hivyo.

Kaiza aliifungua pikipiki baadaye. Iliyovuja ilikuwa orijino, ile ya kiboksi kizuri. Wale wa “mpira ni mpira” wakashangilia sokoni. Lakini Kaiza akanishika kidole, akanipitishia ukucha kwenye lile bomba la shoku linalong'aa. Ukucha ukakwama. Palikuwa na mikwaruzo mitupu. “Hapa hata ukifunga sili iliyotoka mbinguni, itachanika,” akasema. “Umeifunga na nini huku?”

Nikakumbuka kamba ya mtumbwi. Kila nilipokwenda Bumbire nilikuwa naifunga pikipiki kwa kamba iliyolala kwenye mchanga wa mwaloni, pale mitumbwi inapoegeshwa, naikaza hapohapo kwenye bomba la kulia, na ziwa linaisuguasugua njia nzima. Nilifunga mimi mwenyewe, tena kwa uangalifu mkubwa, ili pikipiki ya kanisa isidhurike.

Basi ile orijino ilihukumiwa bure, na ile ya kawaida ilisifiwa bure. Ipi bora? Mwanangu, nina mvi hizi zote na bado sijui vizuri. Nadhani orijino ya kweli, kutoka kwa muuzaji unayemwamini, inadumu zaidi, na ya kawaida nzuri si dhambi kwa mtu asiye na uwezo. Zifungwe mbili za aina moja. Na kabla ya kununua yoyote, mwambie fundi apitishe ukucha kwenye bomba, maana ukibadilisha mpira juu ya chuma kilichokwaruzwa unajidanganya. Hayo ndiyo ya sili, nami nimeyamaliza.

Ma Koku alikuja kumpakata mjukuu wake baada ya miezi mitatu. Mtoto alikuwa ameshaanza kuchagua watu, akamlilia. Alinisamehe mapema sana, kabla hata ya plasta kutoka. Ile siku ya kwanza haikurudi, na hata yeye hakuwa na uwezo wa kunirudishia.

Kwa hiyo nisikilize. Mambo mengi utachanganyikiwa nayo, na kuchanganyikiwa si kosa. Uliza, linganisha, sumbua watu. Ila katika kila jambo unalotafakari kuna kitu kimoja ambacho tayari unakijua, na hicho hakisubiri mwisho wa tafakari zako. Kifanye hicho kwanza. Na mtu anayekukabidhi mwili wake mgongoni mwako, mwambie ukweli kabla hajapanda, achague mwenyewe.

Umesema kesho unampeleka mkeo kliniki, na mimba yake ni ya miezi saba. Mpeleke kwa gari. Mungu ayalinde macho yako yaone kinachovuja, aulinde ulimi wako usikiite vumbi, ambariki mkeo na huyo anayekuja, na mikono ya bibi zake imkute mizima.

Sasa ufunguo wa hiyo pikipiki niachie hapa mezani.